Masaa 9 angani kwenda kula ugali wa bamia

Shemeji yangu wa Manchester kanitumia voisi noti ya dakika nne na nusu. Mimi ndiyo nimetoka zamu ya alfajiri, nimevua kiatu kimoja tu, nikaona urefu wa ile voisi nikajua moja kwa moja huu ni msiba. Nikakaa kwenye ngazi na kiatu kimoja mguuni nikasikiliza. Salamu dakika nzima, watoto hawajambo, baridi huku si ya kawaida, gari limegoma tena, halafu mwisho kabisa ndiyo anasema, shem, mimi na mwenzangu tumekata tiketi za Barbados, Pasaka hii, na kwa kuwa nyinyi mmeshafika huko hebu tupe mwongozo, wapi tutakula vitu vya baharini vya maana na wapi tutapata kinywaji, ila ziwe sehemu za hadhi.

Sehemu za hadhi. Mtu ana hela yangu tangu harusi ya dada yake mdogo. Tuyaache.

Mi nilishaapa hii safari siizungumzii tena. Siyo kwamba ilikuwa mbaya, hapana, ila mnajua wenyewe ukiweka picha moja tu ya bahari kwenye status kinafuata nini. Na mimi sikuweka hata sura, niliweka mguu. Mguu wangu na mchanga, basi. Mchanga haujakauka nina meseji sita: bati, ada, mjomba kalazwa, kiwanja, bati tena, na jirani wa zamani wa Chumbageni kule Tanga anauliza kama hiyo ndiyo hali ya hewa ya Uingereza siku hizi.

Safari yenyewe alitaka Mama Neema. Nikamwambia kama ni bahari ipo Tanga, ya bure, akanijibu Tanga siyo likizo Baba Neema, Tanga ni kugawa. Nikatafuta la kusema nikakosa. Basi tukapanda ndege masaa karibu 9 kutoka London mpaka kwenye kisiwa ambacho Pemba ukiikata nusu bado inakizidi, kilomita za mraba 430 hivi, kimekaa peke yake mashariki kabisa ya visiwa vya Karibea kama punje iliyoruka kutoka kwenye kinu.

Kazini kwetu kuna mzee asili yake ni huko. Hapa Reading, Uingereza, wako wengi sana, baba yake alikuja zile enzi London Transport walipofunga safari mpaka Barbados kutafuta makondakta wa mabasi, ilianza 1956. Nikamuuliza mzee nikale wapi. Akasema Ijumaa usiku nenda Oistins, na ukifika usalimie. Akarudia, usalimie. Mi nikaona kama ananivunjia heshima, mtoto wa Tanga unamfundisha salamu?

Haya, Ijumaa tukaenda. Tulipanda vile vihaisi vyao vyeupe vyenye mstari wa rangi ya zambarau iliyoiva, wanaita ZR, nauli dola tatu na nusu za kwao, muziki unakutikisa meno na konda anakupanga watu wanne kwenye siti ya watatu, nilijisikia nyumbani mpaka nikataka kulia. Oistins ni mji wa wavuvi huko kusini, kuna soko la samaki, na Ijumaa usiku pale ni moshi mtupu, mabanda yamejipanga, kila banda jiko lake, wazee wanapigilia domino mezani kama wanagongea msumari, na upande wa pili kuna spika inapiga nyimbo za zamani na wamama wa umri wa bibi yangu wanacheza wawili wawili taratibu kwa heshima zote. Mji wenyewe una historia, mwaka 1652 Waingereza wa kisiwani waliokuwa wakimtetea mfalme walipatana hapo na Waingereza wa bunge, wakasaini mkataba, na inasemekana walisainia kwenye kilabu cha pombe. Mimi naamini.

Foleni dakika 40. Nikafika mbele, na Uingereza imeshaniharibu, si unajua ule utaratibu wa kusema unachotaka halafu unalipa unasepa, nikaropoka tu, naomba sahani tatu. Yule mama mpishi, mama mnene ana kilemba na koleo mkononi, akaniangalia. Hakujibu. Akageuza samaki wake mmoja, akageuza wa pili, akaniangalia tena. Halafu akasema polepole kama mwalimu wa chekechea, "Habari za jioni."

Jamani. Foleni yote ikanyamaza. Nikasikia sauti ya marehemu bibi yangu kabisa, we mtoto umekula salamu?

"Habari za jioni mama, samahani mama, mmeshindaje?"

"Ahaa. Haya mpenzi, utakula nini?"

Mpenzi. Na Mama Neema amesimama hapa. Wenyewe huko kila mtu ni mpenzi, hata polisi anaitwa mpenzi, lakini hilo nililijua baadaye, wakati huo nilihisi jicho la pembeni linachoma kuliko lile jiko.

Nikasoma ubao. Samaki anayeruka, amefutwa kwa kidole. Nduwaro. Jodari. Na chini yake kwa chaki kubwa kabisa: dolphin.

Sasa mwanangu Neema ana miaka tisa na ana ugonjwa wa kusoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya chooni. "Baba, wanauza pomboo." Nikamwambia nyamaza, umesoma vibaya. "Baba sijasoma vibaya, d, o, l..." na machozi hayo yameshaanza kuteremka, maana huyu mtoto muhula uliopita alifanya kazi ya shule ya pomboo, alichora pomboo 14, mmoja yuko kwenye friji yetu mpaka leo na ana jina. Nikageuka kwa mama mpishi kwa utaratibu wa mtu mwenye elimu yake, nikamwambia mama, sisi tunatoka pwani ya Afrika Mashariki, kule kwetu Zanzibar kuna kijiji kinaitwa Kizimkazi, watu wanatoka Ulaya wanalipa hela kwenda kuwaangalia hawa viumbe, kuwaangalia tu mama, hatuwali.

Akaniuliza, "Hamli dolphin?"

"Hatuli."

Akageuka akamwita mtu huko nyuma, "Njoo umuone huyu, anatoka Afrika hawali dolphin." Akatoka kijana mmoja ana apron, akaniangalia kwa huruma. Nyuma yangu kwenye foleni mtalii mmoja akasema mimi nitachukua ya kwake. Mwingine akasema ni samaki huyo bwana siyo mnyama, nikamwambia ndugu yangu pomboo ni mnyama, ananyonyesha, acha nikueleze, na nikaanza kweli kueleza, saa tatu usiku, njaa inanikata, namhutubia mtu nisiyemjua habari za kunyonyesha baharini. Mama Neema ananivuta shati. Neema kwikwi. Spika inapiga wimbo wa mapenzi.

Yule mama akachoka. Akaweka koleo chini, akaingia ndani kwenye sanduku la barafu, akarudi kambeba samaki mzima kwa mashavu, akambwaga pale juu ya kaunta, pwaaa, barafu ikanirukia usoni. Mrefu, mgongo kijani, ubavu wa njano, paji la uso limesimama wima kama ukuta wa benki.

Nikamwangalia. Akaniangalia.

Faulusi.

Faulusi jamani! Huyu samaki babu yangu alikuwa anamleta Sahare kwenye kapu, nimemla nikiwa sina meno, nimemla nikiwa na meno, nimetumwa soko la Deep Sea kumnunua nikarudi na chenji pungufu nikachapwa. Kumbe huko kwao huyu ndiyo dolphin, toka zamani, na wakiandikia watalii wanaandika mahi-mahi, sasa mimi watanijuaje kama ni mtalii au mtu, nikaandikiwa jina la wenyeji. Nimeruka bahari nzima kuja kumgombania faulusi. Yule mama akaniuliza, "Huyu kwenu anaitwaje?" Nikamwambia. Akajaribu kulitamka, "fa-u-lu-zi," akacheka mpaka akashika kaunta, na kuanzia hapo foleni yote ikawa inaagiza faulusi, mtalii wa Canada anaagiza faulusi, mimi nimesimama pale na barafu kwenye kope.

Alikuwa mtamu lakini. Kapakwa viungo vya kijani mpaka ndani ya mipasuo, makaroni ya kuokwa pembeni, na ile pilipili yao ya njano. Kwa mbali inafanana na haradali ya kupaka kwenye soseji, nikamimina. Ni pilipili mbuzi iliyosagwa. Masaa mawili sikusikia sikio la kushoto.

Mengine nitayapitisha haraka maana shemeji hatasoma. Asubuhi kuna mkate wanauita wa chumvi, wala hauna chumvi ya kuzidi, unatiwa kachori mbili za samaki, na samaki wa humo ni wa kukaushwa na chumvi anayetoka Canada, ndiyo, umezungukwa na bahari unakula samaki wa Canada. Jumamosi wanakula nguruwe wa baridi aliyelowekwa ndimu na viazi vitamu, nilimwachia mwenzangu. Nikaona mti mzuri una kivuli ufukweni nikakaa chini yake nile, watu wakanipigia kelele kama mwizi, kumbe ule mti ni sumu, manchineel, umezungushiwa rangi nyekundu ili watu kama mimi waone, na mvua ikinyesha ukijikinga chini yake utomvu unakubabua ngozi.

Halafu ndiyo siku ya hadhi. Mama Neema akasema hatuwezi kuondoka bila kula chakula cha taifa, na safari hii tukae sehemu ina vitambaa. Tukaenda upande wa magharibi kwenye hoteli za matajiri. Mishumaa, vikombe vitatu kwa kila mtu, kijana kavaa tai shingoni kwenye joto lile. Nikaagiza cou-cou na samaki anayeruka. Nusu saa. Sahani ikaja imefunikwa, wakafunua kwa pamoja kama wanazindua mradi.

Ugali.

Ugali, umegeuzwa kutoka kwenye bakuli, umepigwa duara, na bamia zimepikwa humo humo ndani, pembeni kuna visamaki viwili vimekunjwa kama mikeka. Nikamwangalia mke wangu, mke wangu akaangalia mshumaa. Kijana akaanza kutueleza kwamba hii ni unga wa mahindi unaokorogwa kwa mwiko maalum wa mti. Mwiko! Nikamwambia kijana, mwiko naujua. Nikamuuliza mbona visamaki viwili tu, akasema siku hizi hawa wamekuwa adimu, tangu 2011 mwani unaoitwa sargassum unakuja kwa vipindi unatanda baharini, kisha Julai 2024 kimbunga Beryl kikazibonda boti za wavuvi. Pole zao kwa kweli. Lakini samaki huyohuyo yuko kwenye sarafu ya dola moja, amechongwa vizuri kabisa, mimi mfukoni nilikuwa nao saba na kwenye sahani wawili.

Bili ikaja. Sasa dola ya kule mbili ndiyo dola moja ya Marekani, wameifunga hivyo tangu 1975, hesabu rahisi hata mtoto anaweza, kasoro hiyo menyu ilikuwa na alama ya dola tu. Mimi jioni nzima nimekula kwa dola za kwao. Nimejiachia, nimeongeza kinywaji, nimemwambia Neema chukua aiskrimu mwanangu. Kumbe tulikuwa tunakula za Marekani. Juu yake VAT, juu yake asilimia 10 ya huduma, kwa ugali, ugali ambao mimi nikirudi kwangu Reading naupika kwa dakika 15 na mke wangu anasema una madonge. Hapo sikuwa na utani. Nilikasirika, nikanyamaza njia nzima, nimeshika mkono wa mtoto nahesabu hizo ni zamu ngapi za Jumapili. Tatu na nusu.

Aliyeniokoa ni mzee wa kijiduka cha ramu, viko kila kona, kanisa hapa kijiduka pale, ukitoka kwenye moja unaingia kwenye lingine. Kibanda cha mbao, kriketi kwenye redio, ukitaka unanunua chupa ndogo unapewa bakuli la barafu na maji ya dafu, dafu la kweli. Ramu huko siyo kitu cha jana, Mount Gay wana hati ya 1703. Panchi yao ina kanuni kama shairi la darasa la pili: moja chachu, mbili tamu, tatu kali, nne maji, na juu unakwaruza kungumanga. Huyo mzee nikamweleza kisa cha ugali, akanisikiliza vizuri tu, mwisho akauliza, kwenu mnaupika vipi? Nikamwambia unga na maji. "Bila bamia?" Bila bamia. Akatikisa kichwa, akanisukumia barafu. "Sasa unateremkaje?"

Basi yote haya nikamwandikia shemeji kwa kifupi. Oistins, salimia kwanza, uliza dola ya nani kabla hujakaa. Kajibu sasa hivi, eti asante shem, ila ya kwenye mabanda hapana. Na katuma picha ya nguo alizonunua za safari, kaptula mbili, kofia na shati, zote mabaka ya jeshi, mpaka begi, na ka Junior naye kashonewa.

Barbados raia haruhusiwi kuvaa hayo mabaka, hata mtoto, uwanja wa ndege tu wanakuvua. Na anajua, kwani nyumbani si hivyohivyo?

Nimeandika mara mbili, nimefuta. Kwanza nivue hiki kiatu cha pili.