Pesa ya fulana za pinki tumpe mgonjwa

Wiki iliyopita kundi letu la kina mama la WhatsApp lilipata ujumbe: kila mmoja achangie fulana ya pinki ya kuhamasisha watu wapime saratani ya matiti, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba tutembee hadi stendi, tupige picha. Siku hiyohiyo dada mmoja wa mtaani kwetu hapa Songea alikuwa anauza gunia lake la mwisho la mahindi apate nauli ya kurudi Dar kuendelea na mionzi. Kundini wote tunamjua. Nilikasirika, na hasira bado ninayo.

Haya, fulana zina kazi yake. Wapo waliokwenda kupimwa kwa sababu ya matembezi kama hayo, na uvimbe ukiwahiwa unatibika. Tena mwanzoni mara nyingi hauumi, ndiyo maana watu hungoja. Lakini tunamhimiza mtu akapime, halafu majibu yakitoka mabaya kila mtu anarudi kwake?

Maana hapo ndipo shughuli inapoanza. Zahanati inampa rufaa, anafika mkoani, anatolewa kipande cha nyama kikapimwe, anaambiwa asubiri. Kikishathibitika ni saratani, anapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar. Basi linaondoka alfajiri, anafika Dar usiku. Na mionzi si sindano uchomwe ugeuze: ni Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tatu, wengine tano. Kwenye mashine unalala dakika chache tu. Siku nzima iliyobaki unakaa wapi, unakula nini, kama Dar huna ndugu?

Huyu dada alifikia kwa binamu ya mumewe, Chanika. Daladala kwenda, daladala kurudi, kila siku. Alinifungulia kanga nione: ngozi ya kifua imekuwa nyeusi, kwapani imechubuka, sidiria haivaliki. Ndani ya daladala alikuwa anaukinga upande ule kwa mkono asigongwe. Pesa ilipoisha akarudi nyumbani tiba ikiwa katikati, na mionzi ikikatizwa hivyo nguvu yake inapungua.

Mtaani wakasema amekata tamaa, labda ameenda kwa mganga. Wanaoenda kwa waganga wapo, sibishi. Huyu aliishiwa nauli.

Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 kuhusu saratani ya matiti hauishii kwenye kupima mapema. Unataka ugonjwa ujulikane ndani ya siku 60 tangu mtu afike kituoni, na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize tiba. Wamalize! Hilo la mwisho ndilo sisi wa mtaani tunaliweza, hata kama mashine hatuna.

Nanyi waume, mke akiwa Dar kwa matibabu, watoto ni wenu pia. Pikeni, waogesheni. Na ugonjwa huu unawapata wanaume vilevile, ingawa ni wachache. Ukisikia kigumu kifuani usione aibu.

Nimeshaandika kundini: fulana tuziache. Tumlipie dada nauli, tumpangie chumba karibu na hospitali, na mmoja wetu akae naye wiki ya kwanza. Wanne wamekubali na wameshatuma. Mweka hazina, tunakusubiri wewe. Jumatatu anatakiwa awe kwenye mashine, na tiketi ya Jumamosi bado haijakatwa.