Maji ya Bahari Ghorofa ya Tatu
Leo alfajiri mfereji umetoa dumu moja, ukakohoa, ukanyamaza. Mke wangu ameshalipigia hesabu dumu lile: chai, wali, kuosha watoto. Mimi nikalinyanyua, nikamimina lita mbili kwenye kioo cha samaki wangu wa bahari. Maneno niliyoambiwa hapo, mwanamume aliyevaa kofia ya viua haambiwi kabla ya chai.

Na ningefanyaje? Kwa joto hili maji ya kioo yanapungua kila siku, lakini yanayoruka ni maji matupu, chumvi inabaki pale pale. Mimi wiki mbili nzima nilikuwa naongezea maji ya bahari juu ya maji ya bahari, najiona fundi, mpaka kipimo cha chumvi kinachotakiwa kisimame 1.025 kikapanda 1.032. Kijana wangu wa kidato cha pili akachungulia: "Baba, unafuga samaki au unatengeneza ng'onda?"

Wazungu hununua chumvi ya mfuko, gramu 35 kwa kila lita, wakakoroga. Mtoto wa kisiwa mimi ninunue bahari? Basi siku ya kwanza kabisa nilibeba madumu mawili nikaenda Fumba, maana maji ya pale Forodhani, mjini, uchafu wake mnaujua wenyewe.

Kurudi, daladala imejaa. Konda akauliza kama ni mafuta.

"Maji."

"Ya kisima?"

"Ya bahari."

Gari zima kimya. Bi mkubwa mmoja wa buibui akavuta miguu yake, akaninong'oneza: "Pole mwanangu. Kakwambia uoge siku ngapi?"

"Sikwenda kwa mganga, bibi."

"Huwa wanakatazwa kusema," akamwambia mwenziwe. Mwenziwe akataka kujua mganga huyo ni wa Pemba ya wapi, kwani ana shemeji mwaka wa tatu huu hapati kazi. Mwanafunzi wa kiti cha nyuma akaomba apakwe kidogo tu usoni, Jumatatu ana mtihani. Konda, ambaye dakika moja nyuma alitaka nauli ya watu wawili kwa madumu yale, akashusha sauti: "Mzee, yaende bure, ila yasiniguse mguu. Jambo likimtoka mtu humwingia aliye karibu." Bi mkubwa akatoa chupa tupu mkobani. "Nitilie ya mjukuu wangu." Nikamtilia. Zikaja chupa nyingine tatu, na mimi natia, kofia imenikaa upande, kama sharifu mwenye kisima chake.

Mwisho yakanishinda. "Jamani, maji haya ya samaki! Nina kioo nyumbani, nataka kufuga samaki!"

"Wa kuuza?" akauliza konda.

"Hapana."

"Wa kula?"

"Wa kutazama."

Hapo ndipo waliponiogopa kweli. Bi mkubwa akafungua chupa yake, akaimwaga dirishani bila kuniangalia. Konda akanitoza nauli ya watu watatu.

Safari tatu hizo, lita 120, na ngazi za maghorofa yetu ya Michenzani mnazijua. Halafu usidhani unatia samaki siku hiyo hiyo. Wiki tano nimekaa natazama mawe, nasubiri vijidudu vya kula sumu ya mkojo wa samaki, na samaki mwenyewe hajafika. Majirani wanakuja: "Wako wapi?" Wako njiani.

Sasa wapo wawili, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na umeme ukikatika pampu inakufa, wanapanda juu kutweta. Basi nyumba nzima tunapokezana upawa, robo saa kila mtu, tunakoroga maji kama haluwa ya harusi. Juzi saa sita za usiku zamu yangu, jirani wa chini anagonga: dari lake linadondoka maji ya chumvi. Nikateremka nikaangalie, nikajikwaa ngazini, kiza kitupu.

Kwa nini kiza? Umeme ulikwisharudi! Balbu ya ngazini tulichanga mlango kwa mlango, na mimi ndiye niliyepanda stuli kuifunga, nikaitia na alama ya kalamu. Ilikaa siku nne. Sitamtaja mtu. Lakini leo, nilipotoka kugombezwa, nilikwenda nyumba moja humu humu kuomba dumu la maji, nikaomba na ruhusa ya kwenda chooni. Nikainua macho. Alama yangu ile pale, inawaka.