Nyie, Nilikuwa Sijamaliza Sentensi

Naomba kabla hamjaendelea kuforwadi ile voisi ya shoga yangu kuhusu hotuba yangu mnisikilize na mie, maana nimeamka leo hadi muuza chapati wa hapa mtaani ananiita Dokta. Shoga, nakupenda, ila pale uliposema nilizimia umeongopa. Sikuzimia. Nilikaa chini ghafla.

Haya. Mnaotujua mnatujua, kina mama wa kitenge cha njano, kikoba kila Jumapili, na pembeni kila mtu anatoa ya mfuko wa jamii, ambayo hairudi, ikitoka imetoka. (Na sio ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri jamani, kuna watu wanatusema, ile hata fomu hatujajaza.) Safari hii mjumbe katupa jina la bibi mmoja huko Charambe, anaishi peke yake, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na bati linavuja. Najua kuna mtu atasema si wazee wanatibiwa bure. Ndio, sera ya wazee ipo tangu 2003, miaka 60 kwenda juu asiyejiweza hatakiwi kulipa, ila bibi haoni hata mlango wake mwenyewe, hospitali anafikaje? Bajaji haipandwi kwa sera. Kwahiyo sisi tukajipa kazi ya usafiri, mtu wa kumshika mkono, chakula, na godoro, maana alilokuwa nalo mjumbe alisema hata paka halilalii.

Sasa mjumbe akapata udhuru, akatuelekeza kwa simu. "Nyumba yenye turubai la bluu, hamuwezi kupotea." Mwaka 2022 serikali imehangaika kuweka anwani za makazi, namba kila mlango, vibao vya mitaa kila kona, lakini nani hapa Dar anaelekezwa kwa namba? Tunaelekezana kwa mwembe, kwa msikiti, kwa turubai. Tukashuka Rangi Tatu, tukapakia bajaji mbili, mchele, unga, sabuni za miche, doti za khanga, godoro juu, tukaingia ndani ndani huko, na kweli bwana, turubai la bluu hili hapa. Limefungwa uwanjani na viti chini yake.

Mweka hazina akasema mbona bibi ana viti vingi. Nikamwambia mjumbe atakuwa kawaambia majirani. Tulivyoshusha godoro zikapigwa vigelegele sijawahi kupigiwa maishani, kuna mama akasema "hawa hawana masihara, wamekuja na godoro kabisa!" Tukaketishwa kwenye mkeka. Sinia la pilau likaja. Mwenyekiti wetu, mtu mzima, kaona mengi, akaninong'oneza, "Katibu, maskini gani ana friza mbili?" Nikamwambia bi mkubwa tusihukumu. Nikauliza kwa heshima zote, bibi yuko wapi? Nikajibiwa yuko chumbani anamaliziwa piko, mtamuona baada ya mazungumzo. Nikajisemea hee, hapo alipo haoni na anapakwa piko, huyu bibi anaipenda dunia! Nikala pilau.

Mnaona lilipofikia na mmenyamaza tu. Endeleeni kunyamaza.

Basi nikaitwa niseme neno. Hotuba niliiandika kwenye simu. Nikasimama, na nilianza vizuri, mtu asiniambie sikuanza vizuri. Nikasema hatukuja na mengi, tumekuja na kidogo tulichojaliwa. Vigelegele. Nikasema tumesikia habari za bibi, usiku ukiingia yuko peke yake, hana wa kumsitiri. Weee! Shangazi mmoja akaja kunituza elfu mbili. Nikasema kuanzia leo mzigo wake ni wetu. Mzee mwenye kanzu mbele pale akatikisa kichwa akafuta jicho, na mie kichwa kikanijaa, naongea kama nagombea udiwani.

Nikaendelea, "Na tumeshaongea na daktari. Jumatatu asubuhi tunakuja kumchukua, tunampeleka hospitali, akatolewe mtoto..."

Simu ikazima kioo.

Vidole vina mafuta ya pilau. Naweka kidole, inakataa. Nafuta kwenye kitenge, naweka, inakataa. Na yale maneno mawili yaliyobaki, mawili tu, "wa jicho", nayajua toka utotoni, yakapotea kichwani moja kwa moja, nahangaika na simu huku sina habari kwamba vigelegele vimekatikia njiani na kijiko cha mtu kimeanguka kwenye sinia na hakuna anayekiokota. Nikainua uso nikaona wote wamenitolea macho. Nikadhani nimewagusa. Nikatabasamu. Jamani, nilitabasamu! Na kwasababu ukimya ulinitisha kidogo nikaongezea ya kuwapa moyo, ambayo hata kwenye simu haikuwemo, nikasema, "Wala msiwe na hofu, ni dakika chache tu, halali huko, anarudi siku hiyohiyo. Siku hizi wengi wanafanyiwa. Na gharama zote ni zetu."

Mzee wa kanzu akauliza taratibu sana, "Mtoto gani?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, hilo si la kuficha, mjumbe katuambia, mtaa mzima unajua."

Mama mmoja akakaa chini akashika kichwa. Shangazi aliyenituza akanyoosha mkono, akachukua elfu mbili yake. Mlango wa chumbani ukafunguka kwa kishindo, akatoka binti, mrembo, mkono mmoja una piko mpaka kwenye kiwiko, mwingine bado, analia, "Mama, haki ya Mungu sina mimba!"

Na hapo ndo simu ikafunguka. Ikaniletea maneno yangu mawili. Nikayasoma, kwa sauti, peke yangu, katikati ya uwanja: "Wa jicho."

Ndo nikakaa chini ghafla.

Yaliyofuata siyarefushi. Mwenyekiti alipiga magoti akaeleza, mzee akaelewa, akacheka mpaka akaletewa maji, mama binti hakucheka na mpaka leo naamini hajacheka. Ilikuwa siku ya binti kuletewa mahari na sanduku, na wenyewe hasa wakatukuta tunatoka getini, matarumbeta mbele, tunapishana nao tumebeba godoro kichwani, na kabla hapo tulivutana na shangazi sana maana alishikilia kuwa zawadi ikishaingia ndani haitoki.

Kwa bibi ni uchochoro wa nyuma tu, turubai lake liko juu ya bati kuziba panapovuja. Kavisikia vigelegele vyote, na harufu kaipata toka asubuhi. Cha kwanza alichouliza sio mchele wala hospitali, kauliza, "Pilau mmeniletea?" Hatukumletea. Mweka hazina akarudi kuomba, mie nilikataa kabisa kurudi kule, na akapewa la kutosha.

Jumatatu tulimpeleka, jicho moja limeshafanyiwa. Wanatoa ile lenzi iliyoingia ukungu wanaweka ya bandia, na kweli karudi siku hiyohiyo, kama nilivyosema, maana nilichosema chote kilikuwa kweli, mpangilio ndo ulikataa. Anasubiri la pili.

Sasa wale watu wa mahari wametutumia kadi ya mchango wa harusi. Kikundi kizima. Mwenyekiti anasema tuchange tu, ni ubinadamu, na eti wenye shughuli wameomba katibu asikose, aje asome salamu. Shoga yangu wa voisi ndo alipendekeza. Salamu nitaandika, na atasoma yeye.