Bei ya Kukadiria Tu

Katika maneno yote yanayotamkwa na wateja wa Nairobi, hakuna yanayonitia baridi kama haya: "Wewe nipe tu bei ya kukadiria, sitakushika nayo." Mtu akikuahidi kwamba hatakushika, jua kamba tayari iko mkononi.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za kompyuta, na juzi niliketi na mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, katika hoteli ya chai pale River Road, naye akanichorea mradi wake wote nyuma ya risiti. Vilikuwa visanduku vitatu. Cha kwanza alikiandika "malipo", cha pili "ripoti", na cha tatu akakiacha kitupu, nilipouliza kina nini, akanijibu kwa upole, "Hapo, kijana wangu, utaweka yale mengine."

Sasa yale mengine ni shilingi ngapi? Hata hicho cha malipo, alichokichora bila kuweka kikombe chini, ndani yake mna M-Pesa, mna mnunuzi aliyekosea nambari ya akaunti, mna aliyelipa nusu, mna anayedai kurudishiwa pesa baada ya stakabadhi kutoka, halafu mna ankara ya kielektroniki ya eTIMS ambayo sharti iwafikie watu wa kodi, KRA, na VAT yake ya asilimia 16. Nilipouliza matawi ni mangapi, akasema hayo tutayaona mbele ya safari. Ningeingia dukani kwake nikamwambia anipigie hesabu ya saruji ya "nyumba tu, ile ya kawaida", naapa angeniuliza ni ya vyumba vingapi kabla hajashika kalamu.

Wala sijifanyi mgumu. Mhandisi Mmarekani, Barry Boehm, alikwisha kueleza mwaka 1981 kwamba mradi ukiwa bado ni wazo tu, makadirio yanaweza kupotoka hata mara nne, juu au chini, na kwamba pengo hilo hupungua kadiri mahitaji yanavyofafanuliwa. Kwa hiyo nikamwambia mzee, kwa adabu zote, kwamba ni kati ya shilingi laki mbili na laki nane, na kwamba akinilipa kwanza wiki mbili za kuyachunguza mahitaji yake, nitampa bei ya kuaminika.

"Nikulipe ili uniulize maswali?" Alicheka hadi mhudumu akageuka.

Sikio la mteja nalo lina maajabu yake, kwani likipewa bei mbili hupokea ile ya chini, na ya juu hupita kama tangazo la redio. Jioni ile ile nilitumiwa picha ya kumbukumbu za kikao cha familia yake, zilizoandikwa kwa mwandiko mzuri sana: "Fundi amekubali laki mbili, VAT ikiwa ndani, na kazi itakwisha kabla ya Krismasi."

Krismasi sikuitaja mimi. Ninachoshukuru ni kwamba hawakuandika ni ya mwaka gani.