Hamali asiyerudi bandarini

Mtu akiambiwa kolesteroli yake iko juu, lawama huangukia chipsi na nyama choma. Chakula kina sehemu yake, lakini mengi huamuliwa ndani ya ini, kwenye usafiri wa protini moja.

Protini hiyo ni kipokezi cha LDL, yaani cha chembe zinazobeba kolesteroli damuni. Ifikirie kama hamali: hudaka chembe ya kolesteroli nje ya seli, huingia nayo, huutua mzigo ukavunjwe kwenye lisosomu (kifuko cha kuvunjia vitu ndani ya seli), kisha hurudi juu kuchukua mwingine. Safari nzima ni kama dakika 10. Protini nyingine, PCSK9, humng'ang'ania hamali huyo asirudi juu, naye huishia kuvunjwa pamoja na mzigo. Mahamali wakipungua, kolesteroli hujaa damuni.

Mwaka 2003 familia za Ufaransa zilionyesha madhara ya PCSK9 iliyopita kiasi. Mwaka 2006 ukaja upande wa pili: Wamarekani Weusi waliorithi jeni ya PCSK9 isiyofanya kazi walikuwa na LDL pungufu kwa 28%, na maradhi ya mishipa ya moyo pungufu kwa 88%. Ndipo zikatengenezwa sindano za kuizuia, zikaruhusiwa Marekani mwaka 2015.

Wanaozitetea wana hoja nzito. Statini, vidonge vya kawaida vya kushusha kolesteroli, huifanya seli iagize mahamali wapya, ila agizo hilohilo huongeza na PCSK9. Hiyo hutajwa kuwa sababu mojawapo ya kuzidisha dozi mara mbili kushusha LDL kwa takriban 6% tu zaidi.

Wakosoaji hutaja utafiti wa FOURIER wa 2017, uliojaribu mojawapo ya sindano hizo kwa wagonjwa zaidi ya 27,000. LDL ilishuka kwa 59%, mishtuko ya moyo na viharusi vikapungua, vifo havikupungua. Naona wanaharakisha, kwani ufuatiliaji ulikuwa wa miaka miwili na ushei. Lakini jibu hilo linawabana watetezi pia: ile 88% ni ya watu waliokuwa na LDL ya chini tangu kuzaliwa, na mzee wa miaka 60 mwenye mishipa iliyokwisha kuziba hawezi kuahidiwa hivyo.

Halafu bei. Sindano zilianza kwa takriban dola 14,000 kwa mwaka. Hata zilipopunguzwa, kwa anayelipa kutoka mfukoni statini bado ndiyo chaguo la kwanza. Sindano ningemwekea mwenye kolesteroli ya kurithi ambaye statini zimemshinda, mradi vipokezi vyake vinafanya kazi walau kidogo. Asiye navyo kabisa haimsaidii: hakuna hamali wa kuokoa.