Mgeni kutoka Japani, na mzigo wa anayempikia

Ukikubali kumpokea mwanafunzi wa Kijapani nyumbani kwako Mtwara kwa wiki mbili tatu, jirani atakuuliza kwanza wanakulipa shilingi ngapi. Swali la pili huulizwa na wanawake, tena kwa sauti ya chini: nani atakayempikia? Maswali yote mawili ni ya haki. Kwa maoni yangu ubishi wote wa kuwapokea wageni hawa majumbani unasimama hapo, na hayo mengine tunayoyakuza, kuanzia choo hadi chakula, ni madogo.

Tuyamalize hayo madogo kwanza. Watu husema Mjapani hatazizoea nyumba zetu. Kwa nini asizizoee? Kwao hakuna anayeingia ndani na viatu, huvivua mlangoni. Choo kina ndala zake, ukitoka unaziacha palepale, jambo ambalo nyumba yoyote ya Chikongola au Magomeni inalijua. Kuoga kwa ndoo na kopo hakumtishi, maana kwao mtu hukaa kwenye kigoda, akajisugua na kujimwagia maji mpaka akatakata, ndipo aingie kwenye beseni kubwa la maji ya moto ambalo familia nzima huliingia kwa zamu. Pweza anamla tangu utotoni. Hata saa haimpi tabu: Tanzania na Japani zinapishana kwa saa 6, kwa hiyo asipoigusa saa yake ya mshale tangu atoke kwao, akifika Mtwara inasoma Kiswahili barabara. Kwetu ikiwa saa moja asubuhi, mshale wake mfupi uko kwenye moja. Mzungu wa London hana bahati hiyo.

Wengine huja na lugha kabisa. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili hadi shahada, na NHK, shirika la utangazaji la Japani, lina idhaa ya Kiswahili ya miaka mingi. Binti mmoja wa namna hiyo alifikia kwa dada yangu. Siku za mwanzo alikuwa akimwambia mtoto wa darasa la pili, "Naomba unipatie chumvi, tafadhali," na mtoto anamgeukia mama yake kama anayeuliza, huyu nimemkosea nini? Kabla hajaondoka alikuwa anaagiza chumvi kama mtu wa nyumbani, na akitumwa dukani anakwenda.

Hiyo ndiyo faida yenyewe, na siyo ya mgeni peke yake. Mtoto wa Mtwara anawaona wageni wengi, ila kwa mbali: wa gesi ya Mnazi Bay, wanunuzi wa korosho, watu wa miradi, wote ndani ya magari ya vioo vyeusi. Japani anaijua kwa pikipiki na kwa magari yaliyotumika. Baba yake labda anakumbuka kwamba barabara ya Masasi hadi Mangaka ilijengwa kwa msaada wa Wajapani, na mwalimu wake anaweza kumwambia kuwa vijana wa kujitolea wa nchi hiyo wamekuwa wakija Tanzania tangu 1967. Lakini mgeni anayeosha masufuria uani, akakosea, akachekwa na watoto, akacheka naye, huyo ni kiumbe kipya. Baada ya hapo mtoto haogopi tena kumuuliza mtu wa nje swali. Sidhani kama kuna semina inayoweza kutoa kitu hicho.

Sasa tuingie jikoni. Mgeni akija, watoto wanahamishwa chumbani na kulala sebuleni kwenye mkeka. Neti inanunuliwa mpya. Maji ya bomba mtaani hutoka kwa zamu, hivyo madumu yanaongezwa, na ya kunywa yanachemshwa au yananunuliwa katoni nzima. Mtungi mdogo wa gesi, ambao dada yangu hujitahidi aufikishe mwisho wa mwezi, uliisha ghafla kwa sababu ya hayo maji ya kuchemsha, akarudia mkaa. Nyumba iliyozoea dagaa na kisamvu inaona aibu kumwekea mgeni dagaa siku tatu mfululizo, basi kila asubuhi mtu anadamkia feri kutafuta changu. Binti mkubwa wa nyumba anakuwa mkalimani, mlinzi na msindikizaji bila kuulizwa kama ana mtihani. Na baba? Baba yuko sebuleni anamweleza mgeni habari za Mikindani na majahazi. Siku ya kuagana ndiye anayetoa hotuba, na ndiye anayepokea kwa mikono miwili ile zawadi iliyofungwa vizuri kwenye karatasi.

Wanaopinga malipo wana hoja, tena nzito. Pwani yetu mgeni halipishwi. Mzee wa Lindi ukimwambia umepokea hela za kumlisha mtu atakutazama mara mbili. Fedha ikiingia, waratibu wa vikundi vinavyowaleta wageni wataanza kuchagua nyumba zenye vigae na choo cha kukaa, na mama mwenye ucheshi wote wa dunia lakini paa la makuti hatafikiwa. Mwenyeji naye atapokea wageni wanne badala ya mmoja, na mgeni akijua amelipiwa ataanza kuulizia mbona leo hakuna samaki. Nimeona hofu hizi zikitimia katika nyumba za kupangisha watalii, sizipuuzi.

Ila tuwe wakweli. Fedha imeshaingia zamani. Mwanafunzi au chuo chake kimelipa, dereva wa gari lililomleta kalipwa, hoteli aliyolala Dar es Salaam usiku wa kwanza imelipwa, mratibu hafanyi kazi bure. Katika msururu wote huo anayeambiwa kwamba yeye ni mkarimu, na ukarimu hauna bei, ni mama mwenye nyumba peke yake. Hapo ndipo ninapokataa. Posho ya chakula, maji na nishati ijulikane, iandikwe, ilingane kwa nyumba zote ili pasiwe na kushindania wageni, na itumwe mapema kwenye simu ya anayepika. Chumba na muda abaki navyo kama zawadi yake, akipenda.

Na mgeni afanye kazi. Wahenga walisema siku ya tatu apewe jembe. Waratibu, kwa kuogopa lawama, hupenda kumkalisha mtu wao kwenye kochi kama yai, na kochi hilo ndilo linalowachosha wenyeji. Mpe mbuzi ya kukunia nazi. Mpe kuchambua mchele. Kubangua korosho kusubiri kidogo, kwa kuwa mafuta ya ganda yanababua vidole, na hutaki kumrudishia mama yake mtoto mwenye malengelenge.

Wakati wa kuja nao una uzito kuliko unavyopewa. Mwaka wa masomo Japani huanza Aprili, kwa hiyo likizo ndefu za vyuo ni Agosti na Septemba, na nyingine Februari na Machi. Miaka hii Ramadhani inaangukia humohumo ndani ya likizo ya pili. Kumpikia mtu mchana huku umefunga si dhambi, wala kina mama wengi hawalalamiki, lakini ni kazi juu ya kazi. Wapo wageni wanaojaribu kufunga na familia, na wakati wa futari huwa ndio wakati wao bora. Bado ni miezi ya mvua, na baada ya mafuriko ya 2024 kuikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam hakuna haja ya kueleza zaidi.

Agosti ni kukavu, mavuno yameingia, barabara zinapitika. Tatizo ni kwamba huo ndio msimu wa jando na unyago, na mgeni mwenye kamera akisikia ngoma hana subira. Hapa siyumbi: ngoma ya uwanjani apige picha akiruhusiwa, ila mwali na mambo ya ndani hapana, hata kama shangazi mmoja amekubali kwa heshima ya mgeni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo, picha ya mtoto wa watu haitolewi kwa sababu tu anayeomba anainama vizuri.

Kuhusu usalama nitasema machache. Mtwara ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini, hivyo homa ikimpata mgeni haingojwi kesho. Hospitali ya mkoa ya Ligula ipo, na hospitali ya kanda pale Mitengo ipo. Vijiji vya kandokando ya mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, baada ya wapiganaji kukishambulia kijiji cha Kitaya Oktoba 2020, si mahali pa kumpeleka mtoto wa mtu kutembea. Mwenyekiti wa mtaa aarifiwe siku ileile.

Kuna hoja ya mwisho, inayosemwa zaidi na vijana: mbona safari ni ya upande mmoja? Mjapani huomba viza yetu kwa mtandao akapata. Mtoto wa Mtwara anayetaka kwenda kwao anahitaji mdhamini na rundo la karatasi, na ufadhili uliopo, kama ule wa ABE, mpango wa Japani wa kuwasomesha vijana wa Afrika ulioanza 2014, unataka mtu mwenye shahada tayari. Agosti 2025 JICA, shirika la ushirikiano la Japani, lilitangaza miji minne kuwa "maskani" ya kirafiki ya nchi za Afrika, na Tanzania ikapewa Nagai, mji wa mkoa wa Yamagata. Uvumi ukaenea kwamba Waafrika watafunguliwa milango ya uhamiaji, malalamiko yakamiminika manispaa, na Septemba mpango ukafutwa.

Vijana wanasema, basi nasi tufunge milango. Naona wanalisoma tukio kinyume. Uvumi ule ulipata nguvu kwa watu ambao hawajawahi kumwona Mtanzania akila mezani kwao. Aliyelala Chikongola na kukuna nazi hawezi kuaminishwa kirahisi hivyo. Pamoja na hayo, hoja yao isitupwe: kikundi kinacholeta wageni kila mwaka kiulizwe ni lini kitamchukua mtoto mmoja wa nyumba zilizowapokea, hata kama ni mmoja kwa miaka mitatu.

Dada yangu ameombwa tena. Amejibu kwamba anakubali, kwa Agosti, mgeni mmoja, anayeosha vyombo vyake, hela ya maji na gesi itangulie kwenye namba yake yeye. Mratibu amekubali yote isipokuwa gesi. Anasema mwaka jana hakuna nyumba iliyoidai.