Kasi ya kujaza topido haikuwa moja

Kuna mwandishi anayesema kwamba wanamaji wa nyambizi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia walijaza upya topido (makombora yanayokwenda chini ya maji) kwenye mirija ya kufyatulia kwa dakika chache tu, kauli ambayo naona imerahisisha mno kazi yenyewe. Topido ya Kijerumani ya G7e ilikuwa na urefu wa mita 7 hivi na uzito wa takribani kilo 1,600, na katika nyambizi za Kijerumani za aina ya VIIC sehemu kubwa ya akiba ilihifadhiwa chini ya sakafu ya chumba kilekile walimolala mabaharia, kwa hiyo kabla ya kuigusa ilibidi vitanda vikunjwe, mbao za sakafu ziondolewe, ndipo mzigo unyanyuliwe kwa kapi na minyororo na kusukumwa polepole ndani ya mrija uliopakwa grisi. Zile zilizofungwa nje kwenye sitaha (msomaji ajaribu kuwaza!) zilihitaji bahari tulivu na adui asiwe karibu.

Hata hivyo, mazoezi yaliweza kufanya maajabu. Tarehe 31 Julai 1944 nyambizi ya Marekani USS Parche, chini ya kamanda Lawson Ramage, ilifyatua topido 19 katika dakika 46. Kwa kuwa ilikuwa na mirija 10 tu, angalau 9 kati ya hizo zilijazwa wakati mapigano yakiendelea, chombo kikiwa juu ya maji na kikiyumba, hali ambayo mnyororo mmoja ukiachia, watu wanapondwa.